Picha Saba za Gari Lisilo na Jina

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana humu na makala kuhusu ngeli, arudhi, tafsiri na hatima ya sheng. Sitawalaumu basi wakishtuka kumwona mwanafunzi wa fasihi akijitosa katika habari za gari la mashindano la Kiingereza lililokimbia zaidi ya miaka tisini iliyopita. Mimi mwenyewe sijui kuendesha gari, na kwetu hatujawahi kumiliki hata pikipiki. Hata hivyo, kwa muda wa wiki saba mwaka wa 2023 nililala na kuamka nikiwaza silinda, minyororo na mabomba ya moshi, na katika wiki hizo nilimkosea bibi mmoja mzee kosa ambalo hadi leo linanikera.

Nilikuwa nimepata ufadhili mdogo wa kwenda London kusoma miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika maktaba ya SOAS. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu mashairi yanayohusishwa na Muyaka bin Haji wa Mombasa. Kama tujuavyo, Muyaka aliaga dunia yapata mwaka wa 1840, na mashairi yake hayakukusanywa kwa wingi hadi miongo kadhaa baadaye, pale Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliposhirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Toleo la Hichens likachapishwa mwaka wa 1940. Baina ya kinywa cha mshairi na ukurasa tunaousoma, kwa hivyo, imepita mikono mingi, na zipo beti ambazo zimebaki zikielea: je, ni zake au ni za mtu aliyejibizana naye? Katika sura ya pili ya tasnifu nilikuwa nimelikabidhi shairi moja kwa Muyaka bila kusita. Msimamizi wangu alilizungushia duara jekundu na kuandika pembeni, "Nani kakuambia?" Niliondoka Nairobi nikiwa bado nimeudhika.

Malazi niliyapata kaskazini mwa jiji, mwendo mfupi kutoka Tottenham, katika chumba cha juu cha nyumba ya bibi wa miaka themanini na miwili aliyeishi peke yake. Alinitaka nimwite kwa jina lake la kwanza kama wafanyavyo Waingereza. Ulimi wangu ulikataa kata kata. Nilijaribu siku mbili, nikashindwa, nikamwambia kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi hivyo. Tukaafikiana kwamba nitamwita Mama.

Jioni ya Jumapili ya kwanza Mama alileta mezani albamu ya karatasi nyeusi, kurasa zake zikiwa zimeanza kumeguka pembeni. Akaniuliza, "Wewe kazi yako ni kusoma vitu vya kale na kujua ni vya nani, sivyo?" Nikajibu kwa majivuno kidogo kwamba ndivyo. Akaufungua ukurasa wenye picha saba ndogo, nyeusi na nyeupe, zote za gari moja.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yake alikuwa fundi katika karakana za Tottenham, mtu mkimya ambaye kila Krismasi, akishakunywa kidogo, aliwasimulia wanawe kwamba wakati mmoja aliliendesha gari la mashindano hadi juu ya kilima huku watu wakimtazama. Hakuwahi kutaja gari gani wala kilima gani. Alifariki mwaka wa 1979. Mama aliyaamini masimulizi yale. Kaka yake, anayeishi Australia, hakuyaamini, na hoja yake ilikuwa nzito. Baba yao alikatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na mashine ya kukerezea chuma alipokuwa mwanagenzi. Katika picha ya nne, dereva ameketi ndani ya gari, mkono mmoja ameuegemeza nje, na ukitazama kwa lenzi unaona wazi kwamba mkono ule umepungukiwa vidole viwili. Lakini ni mkono wa kulia. Kaka akasema: basi huyo ni mtu mwingine, karakana za enzi zile zilijaa watu waliokatika vidole, na mzee alijipachika katika kisa cha mwenzake. Ndugu hao wawili walikuwa wamebishana kuhusu mkono huo kwa miaka arobaini, kwanza kwa barua, kisha kwa simu. Sasa Mama alikuwa anaiuza nyumba ili ahamie katika makao ya wazee, na albamu ilipaswa ama kwenda Australia ama kutupwa. "Ningependa tu kujua gari lenyewe ni lipi," alisema. "Likijulikana, huenda na mwenyewe akajulikana."

Nilimwahidi kwamba nitalitafuta. Ahadi ni deni, nami nilianza kulilipa kwa pupa.

Niwaeleze kwanza ni magari ya aina gani. Waingereza wanayaita kwa neno lililotokana na uvunaji wa zabibu za mvinyo, na chama chao cha wapenzi wa magari hayo, kilichoanzishwa mwaka wa 1934, kiliweka mpaka rasmi: lililoundwa baada ya mwisho wa mwaka wa 1930 halihesabiwi. Nilihangaika kutafuta neno la Kiswahili. "Gari kuukuu" ni tusi, "gari la kale" humfanya mtu awaze mkokoteni, na "gari la zamani" ni hata lile Datsun la mjomba. Waundaji wa istilahi miongoni mwetu watanisaidia. Miaka ile palikuwa na viwanda vikubwa vyenye majina yanayojulikana hadi leo, lakini palikuwa pia na vijana wasio na fedha walionunua fremu ya gari chakavu, wakatia injini ya pikipiki, wakagonga mabati wakatengeneza bodi, kisha wakaenda kushindana na matajiri. Gari la namna hiyo lilikuwa moja tu duniani. Halikuwa na katalogi wala nambari ya kiwandani. Msimu huu lina injini hii, msimu ujao lina nyingine, na bodi imebadilishwa kwa sababu ya kwanza ilipondeka.

Fremu iliyopendwa kwa kazi hiyo ilikuwa ya GN, kampuni ya vijana wawili, Godfrey na Frazer-Nash, iliyoanza mwaka wa 1910. GN lilikuwa gari jepesi sana lenye injini ya silinda mbili zilizotanuka kama herufi V, na nguvu ilifika magurudumu ya nyuma kwa minyororo, kila gia na mnyororo wake, mithili ya baiskeli yenye cheni kadhaa. Liliponyamaza soko la magari madogo ya aina hiyo katika miaka ya 1920, GN chakavu zikawa zinapatikana kwa bei ya kutupa. Kama mtu wa fasihi nilifurahi kugundua kwamba Frazer-Nash aliyabatiza magari yake ya mashindano Kim na Mowgli, majina ya wahusika wa Kipling. Magari yale yalikuwa na majina kama farasi au majahazi. Lipo lililoitwa Babs, la J. G. Parry-Thomas, ambalo lilimuua katika mchanga wa Pendine, Wales, mwezi Machi mwaka wa 1927 alipokuwa akitafuta rekodi ya kasi ya dunia. Likazikwa papo hapo ufuoni. Mwaka wa 1969 mtu mmoja akalifukua na kulifufua, na hakuna aliyeuliza ni gari gani, kwa sababu lilikuwa na jina na kaburi.

Na palikuwa na Spider, yaani Buibui. Hapa ndipo nilipopotea.

Spider lilikuwa la Basil Davenport wa Macclesfield, katika kaunti ya Cheshire. Alilijenga juu ya misingi ya GN, likawa jembamba, baya wa sura, na lenye mbio za ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ndilo lililotamba katika kilima cha Shelsley Walsh, Worcestershire, ambako tangu mwaka wa 1905 magari hushindana kupanda mmoja mmoja kwa saa. Davenport alitawala pale, kisha mwaka wa 1930 Hans Stuck akaja na Austro-Daimler yake akapanda kwa sekunde 42.8. Nilisoma habari hizo usiku katika tarakilishi yangu, nikitazama picha za Mama kwa upande mwingine, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio.

Tazama ushahidi niliokuwa nao. Picha ya tatu ilionyesha ubavu wa gari, na juu ya boneti ilichomoza silinda yenye mapezi. Silinda ikichomoza namna ile, nikasema, ni injini ya V ya GN. Mwenzake yuko upande wa pili, haonekani. Picha ya tano ilionyesha gari likipanda mteremko mkali, na mteremko mkali nilioujua ulikuwa mmoja: Shelsley Walsh. Katika picha ya pili, iliyopigwa barabarani mbele ya nyumba, kibao cha usajili kilionekana nusu. Herufi ya kwanza ilikuwa M. Ya pili ilizibwa na mguu wa mtu, ukabaki mstari mmoja tu ulioinama ukishuka kulia. Tangu mwaka wa 1904 kila kaunti ya Uingereza ilikuwa na herufi zake za usajili, nami nilipotazama orodha nikakuta MA ni ya Cheshire. Mguu wa kulia wa A huinama hivyo hivyo. Cheshire ni Macclesfield, Macclesfield ni Davenport, Davenport ni Spider!

Palikuwa na kikwazo kimoja. Katika picha ya nne bomba la moshi lilipita upande wa kulia wa gari, na katika ya tano lilipita upande wa kushoto. Kikwazo hicho nilikiondoa kwa nadharia, na naona haya kuiandika mbele ya walimu wangu. Nilijiambia kwamba gari la aina hii ni kama utendi simulizi: halina matini moja ya asili, kila uwasilishaji una tofauti zake, kwa hivyo picha hizo ni za misimu miwili na bomba limehamishwa. Niliipenda mno hoja hiyo. Niliiandika katika daftari langu na kuipigia mstari.

Asubuhi nilimwambia Mama kwamba gari limepatikana, tena si gari la hivi hivi. Nilimwonyesha picha ya Spider. Aliishika kwa mikono miwili. Nikaongeza, bila kuombwa, kwamba huenda baba yake alikuwa miongoni mwa mafundi wa Davenport, na huenda siku moja aliachiwa usukani. Kila "huenda" niliyoitamka ilipita sikioni mwake bila kusikika. Siku hiyo hiyo alimpigia kaka yake simu, na nikiwa ngazini nilimsikia akisema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Kijana wa Kiafrika amethibitisha."

Kaka mtu aliuliza swali moja tu: fundi wa Tottenham alikuwa akifanya nini Macclesfield, mamia ya kilomita kutoka kazini kwake? Mama hakuwa na jibu. Alinigeukia mimi, nami pia sikuwa nalo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda treni kutoka Waterloo hadi Weybridge, Surrey, nikiwa na nakala za picha katika bahasha. Hapo ndipo ulipo uwanja wa Brooklands, wa kwanza duniani kujengwa makusudi kwa mbio za magari. Ulifunguliwa mwaka wa 1907 na mbio zake zikakoma vita vilipoanza mwaka wa 1939. Njia yake ya saruji ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita nne na upana wa mita thelathini hivi, na katika kona iliinuka kama ukuta wa bakuli ili magari yasipunguze mwendo. Vipande vya ukuta ule vimesalia. Nilivitazama, majani yakiwa yameota katika nyufa, nikakumbuka magofu ya Gede. Sehemu ya uwanja sasa ni makumbusho, na wazee wengi hujitolea pale bila malipo, kila mmoja akiwa na kona yake anayoijua kama mtu ajuavyo shamba la babake.

Nilielekezwa kwa mmoja wao, mwenye koti la kazi lenye madoa ya mafuta. Nilimwambia nimekuja kuthibitisha kwamba gari hili ni Spider. Hakujibu. Alizitandaza picha zote saba juu ya meza, akavua miwani, akazisogelea hadi pua ikaribie kuzigusa. Alichukua dakika nyingi. Kisha akanikamata mkono, akanitoa nje na kunisimamisha mbele ya kilima kilichokuwa hatua chache kutoka mlangoni: njia ya saruji, nyofu, iliyopanda katikati ya miti. Akainua picha ya tano mbele ya macho yangu.

Ilikuwa ndiyo. Mteremko ule wa kujaribia magari ulijengwa Brooklands mwaka wa 1909, una urefu wa mita mia moja na kidogo, na pale palipo pakali zaidi unapanda mita moja kwa kila mita nne. Shelsley Walsh ina urefu wa mita mia tisa na kona za kupinda huku na huku. Tofauti hiyo ingeonekana na yeyote aliyejali kutazama picha zaidi ya moja ya Shelsley. Mimi nilitazama moja.

Tuliporudi mezani aliyabomoa yaliyosalia, taratibu, bila kunicheka. Picha ya sita, ambayo niliipuuza kwa kuwa haikuwa na jambo la kusisimua, ilipigwa kutoka mbele, boneti ikiwa imeondolewa. Silinda zilikuwa mbili, kweli, lakini zilisongamana. Silinda za GN, na za Spider vilevile, zimetengana kwa nyuzi 90. Hizi hazikufika hata nyuzi 60. Ilikuwa injini ya pikipiki ya JAP, ambayo silinda zake hutengana kwa nyuzi 50, na kiwanda cha JAP, akasema akinitazama juu ya miwani, kilikuwa Tottenham. Kuhusu kibao cha usajili aliniuliza ni herufi ngapi zina mguu unaoinama kulia. Nikahesabu: A, K, R, X. Naye akaniambia kwamba MK na MX zilikuwa za Middlesex, na Tottenham enzi hizo ilikuwa ndani ya Middlesex. Hatukuweza kwenda mbele zaidi ya hapo, kwani usajili ulipohamishiwa Swansea katika miaka ya 1970 madaftari mengi ya kaunti yaliteketezwa.

Nilikuwa nimeketi kitako, nimeishiwa. Mashahidi wangu watatu, silinda, kilima na herufi, hakuna hata mmoja aliyejua lolote. Kila mmoja alikuwa amesimama kwa kumwegemea mwenzake. Niliamini kilima ni Shelsley kwa kuwa gari lilikuwa Spider, na gari likawa Spider kwa kuwa kilima kilikuwa Shelsley.

Ndipo nikamwambia, kwa kujitetea, kwamba walau nilikuwa nimeligundua suala la bomba lililohamishwa baina ya misimu. Nilimweleza pia nadharia yangu, kwa ufupi. Mzee aliziweka picha ya nne na ya tano kando kwa kando. Zote zilikuwa na gari lenye nambari 8 ya mashindano. Katika zote alisimama nyuma mtu yule yule mwenye kofia nyeupe. Akauliza kwa upole kama nadhani bomba lilihamishwa baina ya foleni na kilima.

Kisha akaniambia nimtazame mtu mwenye kofia nyeupe. "Mfuko wa koti lake uko wapi?" Katika picha ya tano mfuko wa kifuani ulikuwa kushoto, kama makoti yote ya wanaume. Katika ya nne ulikuwa kulia. Vifungo navyo vilifungwa kinyume, kama vya koti la mwanamke. Picha ya nne ilikuwa imechapishwa kwa kugeuzwa: mtu aliyeisafisha aliiweka negativu yake juu chini, nambari 8 ikabaki 8 kwa kuwa haina kulia wala kushoto, na hakuna aliyetambua. Waliosafisha picha nyumbani, jikoni, walikosea hivyo mara kwa mara.

Sikumwelewa upesi. Akili yangu ilikuwa bado katika bomba la moshi. Nilipoelewa nilisimama ghafla hata kiti kikaanguka, kwa sababu nilikumbuka mkono.

Nawaomba wasomaji wanisadiki kwamba sikuwa nimemweleza mzee yule habari ya vidole. Nilikwenda Brooklands kuuliza gari. Wiki nzima nilikuwa nikilichungulia gari kwa lenzi, na dereva nilimwona kama kitu kilichowekwa pale ili kionyeshe ukubwa wa usukani. Nilimsimulia sasa. Alikitazama kile kiganja kwa muda, akasema kwamba yeye anajua magari, watu hawajui. Lakini mkono ule ni wa kushoto, hilo yuko tayari kuliapia.

Mengine aliyonipa ni machache. Springi za mbele na minyororo inayoonekana chini ya sakafu katika picha ya saba vinaonyesha fremu ya GN. Nyuma ya foleni, katika picha ya nne, kuna gari dogo la MG lenye mkia uliochongoka kama mashua, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1929, kwa hivyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Jina hakuna. Tulipekua pamoja orodha za washiriki alizokuwa nazo, na baadaye nikapekua peke yangu majuzuu ya gazeti la Motor Sport, ambalo mhariri wake wa miaka mingi, Bill Boddy, alikuwa na mapenzi makubwa kwa magari yaliyoundwa nyumbani, na kile kitabu cha John Bolster cha mwaka wa 1949 kinachohusu magari hayo tu. Ya Tottenham yenye JAP katika fremu ya GN, nambari 8, sikuikuta. Bila shaka lilivunjwa, injini ikarudi katika pikipiki, fremu ikauzwa kwa kijana mwingine.

Njiani kurudi nilipanga na kupangua maneno. Furaha ya kumpelekea habari ya mkono ilikuwa kubwa, lakini haikuweza kutangulia. Kabla yake ilinipasa kumwambia kwamba sikuthibitisha chochote wiki ile, kwamba Spider ilikuwa tamaa yangu, na kwamba nilimfanya amtangazie kaka yake uongo. Ningeweza kuianza na habari njema na kuacha ile mbaya imezwe humo. Nilifikiri hivyo kuanzia Weybridge hadi Clapham Junction.

Nilimkuta jikoni. Nilianza na kosa. Alisikiliza akiwa amesimama, mgongo kwenye sinki, na niliposema kwamba gari halikuwa Spider wala halikuwa na jina alitikisa kichwa mara moja na kusema, "Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na haki." Alimaanisha kaka yake. Alikwenda sebuleni akaketi. Nilimfuata na kumweleza Brooklands, Middlesex, JAP. Alisikiliza kwa adabu tu, kama mtu anayeambiwa habari za mtaa usio wake. Ndipo nikamwomba alete kioo kidogo cha mkononi. Nikakisimamisha kando ya picha ya nne, nikampa lenzi, nikamwambia atazame ndani ya kioo, sio katika picha.

Hakulia, kama wasomaji wa riwaya zetu wangetarajia. Alitazama kwa muda mrefu sana, kisha akainua mkono wake mwenyewe wa kushoto, akakunja kidole cha mwisho na cha pete, akaviegemeza vilivyobaki juu ya mkono wa kiti. "Ndivyo alivyokaa mezani," akasema. "Hivi hivi."

Nilimwonya. Nilimwambia kwamba walikuwepo mafundi wengine waliokatika vidole, kama kaka yake alivyosema, na kwamba kioo kimeondoa pingamizi tu, hakijaleta uthibitisho. Sura ya dereva imefunikwa na miwani ya upepo. Alinijibu kwamba amenisikia vizuri, na kwamba safari hii ataeleza kwenye barua, si kwenye simu, ili kaka yake asimkate kauli.

Aliniomba niandike nyuma ya picha yale ninayoweza kuyasimamia. Nilichukua penseli, kwani katika chumba cha miswada haturuhusiwi kingine na mkono ulikuwa umeshazoea. Niliandika: gari la kuundwa nyumbani, fremu ya GN, injini ya JAP, Brooklands, si kabla ya 1929, picha imegeuzwa, dereva amekosa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alisoma, akachukua kalamu ya wino kutoka katika mkoba wake, na chini ya mstari wangu wa mwisho akaandika jina kamili la baba yake. Nikafungua kinywa kusema kitu kuhusu wino. Nikakifunga.

Usiku ule nilifungua sura ya pili ya tasnifu na kulitoa lile shairi mikononi mwa Muyaka. Sikulipa mtu mwingine.

Nilipoondoka mwishoni mwa Julai, jibu kutoka Australia lilikuwa halijafika. Nilikuwa nimemchapishia Mama nakala kubwa ya picha ya nne, nikaigeuza kwanza kwa tarakilishi, naye aliiweka juu ya rafu karibu na runinga, mfuko wa mtu mwenye kofia nyeupe ukiwa kushoto, bomba la moshi kushoto, na mkono ule kushoto.